TikTok, Instagram, Facebook, YouTube au WhatsApp: biashara yako ianzie wapi?

Rafiki yangu anauza mikoba ya ngozi anayoishona mwenyewe. Jioni moja aliposti TikTok video ya sekunde kumi na tano hivi: mkono mmoja unapitisha sindano, mwingine unavuta uzi, basi. Hakuna muziki, hakuna maneno. Alipoamka, video ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wateja wote aliowahi kuwahudumia maishani. Akanitumia picha ya skrini na safu nzima ya vikatuni vya kushangilia.

Mimi nikashuka kwenye komenti. "Bei?" "Huo mweusi bei gani?" "Unaingia laptopu?" "Beiii." Chini ya kila swali, jibu lake lilikuwa lile lile: "Karibu inboksi." Mikoba aliyoiuza wiki ile haikumaliza vidole vya mkono mmoja.

Kwa siku mbili alilaumu TikTok, kwamba ni mtandao wa watoto wasio na hela. Lakini TikTok ilikuwa imefanya kazi yake yote. Waliouliza bei walikuwa wamejilaza, wanaskroli, kidole gumba kiko tayari kusukuma video inayofuata. Kumwambia mtu wa hali hiyo aache alichokuwa akifanya, afungue ukurasa mwingine, aandike ujumbe, kisha asubiri jibu, ni kama kumwambia mpita njia aliyechungulia dirishani azunguke nyuma ya nyumba akapige hodi jikoni. Wachache watazunguka. Wengine wameshapita.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mtandao upi unalipa zaidi kwa biashara, simuulizi ana wafuasi wangapi. Namuuliza mteja wake anapokuwa pale amekuja kufanya nini: kustarehe, kutafuta, au kuongea? Ulinganisho wote unaofuata umesimama juu ya swali hilo.

Mteja hapandi ngazi, anazurura

Wafundishaji wa matangazo bado wanatumia ngazi inayohusishwa na Mmarekani Elias St. Elmo Lewis, tangu mwaka 1898: kwanza uvute macho ya mtu, kisha aingiwe na hamu ya kujua zaidi, kisha atamani, mwisho anunue. Ni ngazi safi. Ila mnunuzi wa mtandaoni hapandi hivyo. Jumatatu anaona kitu kwenye TikTok, anasahau. Jumatano kinamtokea tena Instagram. Anaingia YouTube kumsikiliza mtu aliyekitumia mwaka mzima. Anamtumia dada yake picha kwenye WhatsApp: "unakionaje?" Anakiweka kwenye kapu. Halafu anazima simu analala.

Baymard Institute, taasisi inayochunguza maduka ya mtandaoni, inaweka wastani wa makapu yanayoachwa bila kulipiwa kwenye takriban asilimia 70. Wauzaji huipokea namba hiyo kama habari ya msiba. Mimi sioni hivyo moja kwa moja, kwa sababu kwa watu wengi kapu ni daftari la kukumbukia tu. Kinachouma ni sababu inayoongoza miongoni mwa waliokuwa wamekusudia kununua: gharama za ziada zilizochomoza dakika ya mwisho. Usafiri, kodi, ada ya hiki na kile. Mtu alikuwa tayari kulipa, ukamshtua mlangoni.

Nyuma ya kuzurura huko kuna nguvu mbili, na inafaa kuzijua kabla ya kuchagua mtandao. Ya kwanza ni mazoea. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata bila kuelezwa chochote juu yake, kunamfanya mtu akipende zaidi. Ya pili ni hofu ya kupoteza. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba machungu ya kupoteza huwa mazito kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Mnunuzi asiyeweza kushika bidhaa mkononi hubeba hofu hiyo kila anapokaribia kubonyeza kitufe cha kulipa: je, rangi ni hii kweli? Je, nikituma hela mtu atapotea?

Sasa gawanya mitandao kwa nguvu hizo. TikTok na Instagram hujenga mazoea. YouTube na WhatsApp huondoa hofu. Facebook iko katikati, na ndiyo maana watu hawaielewi.

TikTok na Instagram si kitu kimoja

Wengi huzifunga kamba moja kwa kuwa zote zimejaa video fupi za wima. Hata hivyo zinamwona mwenye biashara kwa macho tofauti kabisa.

TikTok, ya kampuni ya ByteDance kutoka China, ilipata nguvu yake ya sasa ilipounganishwa na Musical.ly mwezi Agosti 2018. Mwaka 2020 kampuni yenyewe ilieleza jinsi inavyochagua video za kumwonyesha mtu: kuitazama video ndefu mpaka mwisho ni ishara yenye uzito mkubwa, na idadi ya wafuasi wa aliyeposti si kigezo cha moja kwa moja. Maana yake ni kwamba akaunti ya jana inaweza kufika mbali leo, na akaunti yenye wafuasi laki moja inaweza kuposti na kupigwa na upepo. Pale kila video inaomba kazi upya. Kwa anayeanza bila jina hiyo ni neema. Kwa anayetaka mapato ya kutabirika, ni maumivu ya kichwa.

Instagram ilizaliwa Oktoba 2010 ikiwa mahali pa picha za watu unaowafuata, na Facebook ikainunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1. Mpaka mwaka 2016 posti zilipangwa kwa saa ziliporushwa. Ndipo algoriti, ile programu inayoamua nani aone nini, ikachukua usukani. Reels, zile video zake fupi, zilikuja Agosti 2020, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zilikuwa zinamjibu nani. Pamoja na mabadiliko yote hayo, kitu kimoja kimebaki: Instagram bado ina ukurasa wa mwenye duka, na watu wanaukagua.

Mwangalie mnunuzi makini anapofika pale. Anatazama posti ya mwisho iliwekwa lini. Ikiwa ya miezi minne iliyopita, anajiuliza kama duka bado lipo. Anafungua komenti, si zile za "nzuri sana", anatafuta ile moja ya "mbona mzigo wangu haujafika?" na anasoma jibu la muuzaji neno kwa neno. Kisha anagusa kile kialama cha picha ambazo watu wengine wameitagi akaunti, kwa sababu hizo muuzaji hakuzipiga yeye na mwanga wake haukupangwa. Akikuta komenti zimefungwa, anatoka kimya kimya. Ukaguzi huo wote unachukua chini ya dakika moja, na muuzaji hatajua kamwe kwamba umefanyika.

Kwa hiyo, bidhaa inayoeleweka kwa macho ndani ya sekunde tatu, yenye kabla-na-baada, au inayotengenezwa kwa namna ya kuvutia kuitazama, ipeleke TikTok kwanza. Bidhaa ya ladha na mtindo, ambayo mtu anataka kuona rangi zote na imemkaaje mtu mwenye mwili kama wake, ipeleke Instagram. Ukiweza kupiga video moja ukaiweka kote, fanya hivyo, ila ondoa chapa ya mtandao mwingine kwenye video kabla ya kuirusha. Na usikubali kuambiwa kwamba Instagram imekufa. Mara nyingi huko ndiko anakokwenda mtu aliyekuona TikTok kuthibitisha kama wewe ni mtu wa kweli.

Facebook, inayozikwa kila mwaka

Kila mwaka inatangazwa kwamba imebaki ya wazee. Katikati ya 2023 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, iliripoti kwamba Facebook ina watumiaji zaidi ya bilioni 3 kwa mwezi. Kama hao wote ni wazee, basi wazee wana hela.

Kilichokufa Facebook ni ukurasa wa biashara unaoposti bure na kutegemea kuonekana. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba posti za ndugu na marafiki zitapewa kipaumbele, na kurasa nyingi zikagundua kwamba bila kulipa zinajisemea zenyewe. Kinachoishi ni vikundi, ambako mtu anauliza "nani anamjua fundi mzuri wa kitu fulani?" na kujibiwa na binadamu. Kuna Marketplace pia, sehemu ya watu kuuziana vitu, iliyofunguliwa 2016, nzuri kwa vitu vilivyotumika na vitu vikubwa visivyosafirishika kirahisi. Na kuna mtambo wa matangazo ya kulipia, ambao ndio huo huo unaohudumia Instagram. Ukiwa na kundi la watu wenye shughuli moja, kama wafugaji, mafundi au wazazi wa watoto wachanga, Facebook inaweza kukupa zaidi ya TikTok. Ukiuza nguo za vijana, pita.

X, iliyoitwa Twitter mpaka Julai 2023, nitaigusa kwa sentensi moja: ni mahali pa kusikia watu wanailalamikia nini biashara yako na kuwajibu kabla moto haujasambaa, si mahali pa kufungulia duka dogo.

YouTube: polepole, lakini haisahau

Hapa mtu anakuja na swali mkononi. Anaandika "jinsi ya kuchagua", "tofauti kati ya hiki na kile", "matatizo ya". Huyo hajaja kustarehe. Ameshatamani, sasa anaogopa kukosea. Video ya dakika nane inayomwonyesha bidhaa ikitumika, pamoja na kasoro zake, inamfanyia kazi ambayo picha mia za Instagram haziwezi.

Tofauti kubwa iko kwenye umri wa kazi yako. Posti ya Instagram huchoka ndani ya siku chache. Video ya YouTube iliyojibu swali vizuri inaweza kuendelea kuleta wateja miaka mitatu baadaye, kwa sababu mmiliki wake tangu 2006 ni Google na watu hawaachi kutafuta. Gharama yake ni subira. Miezi ya kwanza utakuwa unajiongelea mwenyewe, na wengi hukata tamaa hapo. Shorts, zile video fupi zao, zinasaidia watu wakujue, lakini tabia ya anayezitazama ni ile ile ya TikTok; usitegemee awe amekuja na swali.

Mfano unaotajwa sana ni wa Dollar Shave Club ya Marekani. Machi 2012 waliweka YouTube kichekesho cha dakika moja na nusu kuhusu nyembe za kunyolea, na ndani ya siku mbili watu kama 12,000 wakajiandikisha. Mwaka 2016 Unilever ikainunua kampuni, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola bilioni 1. Kila anayesimulia kisa hiki husimulia kichekesho. Kinachorukwa ni kwamba kulikuwa na mlango wazi ndani ya video: jina la tovuti, bei ya mwezi iliyotajwa kinywani, na mpango wa kutumiwa nyembe kila mwezi bila kuagiza tena. Wangejibu "karibu inboksi", leo tusingekuwa tunawataja.

WhatsApp, ninakoanzia mimi

Watu huiweka mwisho kwa sababu haina kelele. Hakuna kutazamwa mara laki, hakuna cha kupigia picha ya skrini. Lakini angalia mnunuzi yuko katika hali gani akifika pale: ameshaona, ameshachunguza, amebaki na maswali mawili matatu, na mara nyingi swali lake halisi ni moja tu, "je, kuna mtu upande wa pili?" Jibu la haraka lenye adabu linaondoa hofu kuliko tangazo lolote.

WhatsApp ilianzishwa 2009. Programu ya WhatsApp Business, ile ya bure kwa wafanyabiashara wadogo, ikaja Januari 2018, na katalogi ya bidhaa ikaongezwa 2019. Humo mna vitu ambavyo watu wanavyo kwenye simu na hawavitumii: majibu ya haraka uliyoyaandika mapema, lebo za kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa na anayesubiri mzigo, ujumbe wa kukaribisha mtu aliyekuja usiku. Weka lebo tu kwa wiki moja uone ni watu wangapi waliouliza ukawasahau. Utashika kichwa.

Halafu kuna orodha ya matangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi bila wao kuonana. Ina mipaka: watu 256 kwa orodha, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengi huona huo ni usumbufu. Mimi naona ni kichujio cha bure. Aliyehifadhi namba yako amekupa kitu ambacho mtazamaji wa TikTok hakupi, na kumuuzia mtu huyo mara ya pili ni rahisi mno kuliko kumtafuta mgeni. Kikundi ni jambo jingine. Ukimwingiza mtu kwenye kikundi bila kumuuliza, umemkera, na akitoka kila mtu anaweza kujua katoka. Stetasi ndiyo njia ya kistaarabu: inaonekana saa 24, anayetaka anatazama, na ukiona majina yale yale yanatazama kila siku bila kuuliza chochote, hao ndio wateja wako wa mwezi ujao.

Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: WhatsApp haikuletei mgeni. Haina kuskroli kwa watu usiowajua. Ni chumba kizuri kisicho na barabara, barabara lazima uijenge kutoka kwingine. Na inakula muda. Mtu mmoja anaweza kujibu wateja thelathini kwa siku na bado akashona mikoba. Wakifika mia tatu, ama unaajiri, ama unahamishia malipo kwenye tovuti.

Kulipia au kungoja bure

Matangazo ya Meta yanauzwa kwa mnada, na watu wengi hawajui kwamba mshindi si lazima awe mwenye dau kubwa. Mfumo unachanganya dau lako, uwezekano wa mtazamaji kufanya unachotaka, na ubora wa tangazo lenyewe. Tangazo zuri linaweza kushinda likiwa na dau dogo, na tangazo bovu utalilipia ghali ili liwaudhi watu.

Kosa ninaloliona zaidi ni kitufe cha kubusti. Mtu ana posti imependwa, anabonyeza kubusti, anaweka hela, laiki zinamiminika, mauzo hayaongezeki. Mfumo haukumdanganya. Uliambiwa utafute watu wa kulaiki, ukawatafuta watu wanaopenda kulaiki. Wapo, na wengi wao hawanunui kitu. Fungua mtambo wenyewe wa matangazo wa Meta (Ads Manager), chagua lengo la mauzo au la ujumbe, na kama unauzia WhatsApp, tumia tangazo lenye kitufe kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp moja kwa moja. Hapo barabara na chumba vinaungana.

Usitarajie usahihi uliokuwapo zamani. Aprili 2021, iPhone zilipopata mfumo wa iOS 14.5, kila programu ililazimika kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti nyingine, na wengi walikataa. Meta yenyewe ilikadiria kwamba jambo hilo lingeipunguzia mapato ya karibu dola bilioni 10 mwaka 2022. Kwa muuzaji mdogo, matokeo yake ni kwamba ripoti za mtambo zinakisia zaidi kuliko zamani. Dawa ninayoitumia ni ya kizamani: muulize kila anayenunua, "umetujulia wapi?" na uandike. Baada ya wateja hamsini utakuwa na ramani yako mwenyewe.

Bajeti ndogo isigawanywe pia. Meta inasema tangazo kwa kawaida hutoka kwenye hatua ya kujifunza, ile ambayo mfumo bado unajaribu nani aonyeshwe, likishapata matokeo kama 50 ndani ya wiki. Ukiwa na matangazo sita yanayogombea vijisenti, hakuna litakalojifunza chochote. Bora moja.

Mainfluensa na nyota tano

Kuna njia ya tatu, kukodi sauti ya mtu mwingine. Mwenye wafuasi milioni au mwenye elfu tano? Kwa biashara inayoanza, nachagua wa elfu tano bila kufikiri mara mbili, mradi wafuasi wake wanajibizana naye na yeye anajibu. Mkubwa anakupa macho. Mdogo anakukopesha imani aliyojengewa, na imani ndiyo inayoondoa ile hofu. Mwaka 2017 tamasha la Fyre lilinadiwa na nyota wakubwa wa Instagram, akiwamo Kendall Jenner, na tiketi zikaenda. Waliofika kisiwani Bahamas walikuta mahema ya dharura. Mwandaaji, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018. Macho yalikuwapo tele. Aliyeweka jina lake rehani kwa mnunuzi hakuwapo.

Maoni ya wateja ni bei rahisi zaidi na yana nguvu zaidi. Kituo cha utafiti cha Spiegel, Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichapisha mwaka 2017 kwamba uwezekano wa bidhaa yenye maoni matano kununuliwa ulizidi wa bidhaa isiyo na maoni yoyote kwa asilimia 270. Matano tu. Kilionyesha pia kwamba uwezekano wa kununua hufika kilele kati ya nyota 4.0 na 4.7, kisha hushuka kuelekea 5.0, kwani ukamilifu unatia shaka. Kwa hiyo usimfute aliyelalamika kwamba mkanda ulikuwa mfupi. Mjibu, mrekebishie, uache mazungumzo yaonekane. Na usinunue maoni ya uongo: Marekani imeyapiga marufuku kwa kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na hata pasipo sheria, mnunuzi anayasikia harufu. Maoni kumi yaliyoandikwa siku moja, yote yakisema "bidhaa bora huduma bora", hayamdanganyi mtu.

Ungekuwa wewe

Kama unauza kitu cha bei ndogo ambacho mtu ananunua akikipenda tu, TikTok iwe mbele, bei iwe kwenye video yenyewe, na kiungo cha kununua kiwe hatua moja. Instagram iwe ya kuthibitisha.

Kama unauza kitu cha gharama kubwa, kinachofikiriwa wiki nzima na kuulizwa ndani ya familia, anza na video nne tano za YouTube zinazojibu maswali unayoulizwa kila siku, kisha uwe unazituma mwenyewe kwa wanaouliza WhatsApp. Hata zikitazamwa na watu arobaini, ni arobaini wenye nia.

Kama unachouza kinaisha na kununuliwa tena, au ni huduma inayorudiwa, usihangaike na kutazamwa. Jenga orodha ya WhatsApp, ilinde, na lipia tangazo dogo la kuleta majina mapya kila mwezi.

Na kama una saa moja tu kwa siku, chagua mbili, zisizidi: moja ya kuonekana, moja ya kufungia mauzo. Ya kufungia uitengeneze kwanza. Majibu ya haraka yawe yameandikwa, katalogi ina bei, gharama ya usafiri inajulikana kabla mtu hajauliza. Ndipo ufungue ya kuonekana. Wengi hufanya kinyume, kisha video inapovuma wanakutwa hawajafagia.

Chochote utakachochagua, nakili majina na namba za wateja mahali pako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Juni 2020 India ilifungia TikTok, na watu waliokuwa na mamilioni ya wafuasi wakabaki na simu zao. Vine, iliyotangulia haya yote ya video fupi, ilifungwa Januari 2017. Zote hizi ni nyumba za kupanga, na mwenye nyumba hatoi notisi.

Rafiki yangu sasa anabandika komenti yake ya kwanza juu ya zote: bei, vipimo, rangi zilizobaki, mzigo unachukua siku ngapi, namba ya WhatsApp. Video iliyofuata haikutazamwa hata robo ya ile ya kwanza. Mikoba iliisha Alhamisi.